Mbao mbili na bawaba: kifaa nilichochongewa na seremala ili nipige picha ya Chetezo

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza kila ninapoonyesha zile picha za nyota. Ufundi 35,000. Mabaki ya mninga 12,000. Bawaba mbili za mlango 4,000. Fimbo ya chuma yenye thredi mwili mzima, pamoja na nati zake, 6,000. Jumla 57,000. Kichwa cha kuzungushia kamera nilinunua cha mtumba kwa 40,000, ila kama tayari unacho, hesabu yako inaishia kwenye hiyo ya kwanza. Vifaa vya umeme vya kufuatia nyota vinavyoagizwa nje, ukishalipa usafiri na ushuru, unakaribia bei ya bodaboda iliyochoka kidogo.

Mimi napiga picha za harusi hapa Tanga, hasa upande wa akina mama, kule ambako mpiga picha mwanamume haingii. Kamera yangu ni Canon EOS 600D ya siku nyingi, na lenzi ninayoitegemea ni ya milimita 50. Darubini sina, sijawahi kuwa nayo. Kwa hiyo anayesoma hapa akitafuta habari za vioo vikubwa na mota, nimwambie mapema kwamba hii ni tathmini ya mbao.

Sasa kilichonipeleka kwa seremala. Katika harusi zetu kuna dakika moja ninayoipenda kuliko keki, kuliko hata kutunzwa. Nguo za bi harusi zimetandazwa juu ya kitenga, chetezo kiko chini yake, na moshi wa udi unapenya kitambaa taratibu. Ukipata taa ya pembeni, moshi ule unatoka kwenye picha kama kitu cha kushikika. Nimepiga mamia. Halafu siku moja nikasoma kwamba kusini mwa anga kuna kundinyota ambalo Wazungu wanaliita Ara, na kwenye Kiswahili cha vitabuni ni Madhabahu, lakini Waarabu wa zamani waliliita Mijmara. Mijmara ni chetezo. Basi, habari ya madhabahu nikaiacha hapo hapo.

Si kundinyota la kukufanya usimame barabarani. Limo kwenye orodha ya makundinyota 48 ya Ptolemaio, mtaalamu wa nyota wa kale, kwa hiyo ukongwe linao, ila nyota zake mbili zinazong'aa zaidi ni za daraja la tatu tu la mng'ao, na karibu kila mtu analipita akikimbilia mkia wa Nge ulio juu yake. Uzuri wake ni mahali lilipokaa. Njia Nyeupe, ule mkanda wa nuru hafifu unaokatiza anga, inapita kwenye ukingo wake wa kaskazini, na sisi tulio huku, tukitazama kusini, kaskazini hiyo inakuwa juu. Kwa hiyo Chetezo chetu kimesimama kama kinavyotakiwa kusimama, makaa chini, moshi juu. Nikautaka huo moshi.

Shida ni kwamba Dunia haitulii. Kwa lenzi yangu, ukiacha shata, kile kilango cha mwanga ndani ya kamera, wazi zaidi ya sekunde sita hivi nyota zinaanza kurefuka, na sekunde sita hazitoshi kitu. Dawa yake ni kuigeuza kamera kuelekea magharibi kwa mwendo uleule wa anga. Kifaa cha mbao cha kazi hiyo kilibuniwa na Mskoti mmoja, Haig, kikachapishwa katika jarida la Sky & Telescope mwaka 1975, na tangu hapo watu wanachonga. Ni mbao mbili zilizolaliana kama kitabu, bawaba upande mmoja. Ubao wa chini unakaa kwenye tripodi, wa juu unabeba kamera. Upande wa pili fimbo yenye thredi inapanda kupitia nati iliyozamishwa kwenye ubao wa chini na kuusukuma ule wa juu. Unazungusha fimbo raundi moja kwa dakika, basi. Ukiwa na fimbo ya milimita sita, ambayo raundi moja inapanda milimita moja, umbali kutoka katikati ya bawaba hadi kwenye fimbo uwe milimita 229. Hapo mwendo unalingana na wa anga.

Seremala wangu ni mzee anayetengeneza milango na vitanda. Nilimpelekea mchoro. Akautazama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mwanangu, kijimlango hiki unakitia wapi?"

"Juu ya tripodi, baba. Kinafuata nyota."

"Haya. Kinafunguka kiasi gani?"

"Digrii mbili na nusu kwa dakika kumi."

Akaweka penseli sikioni. "Huo si mlango, huo ni ufa."

Lakini ufa wenyewe aliutengeneza! Mninga umepigwa randa mpaka unateleza, bawaba hazichezi hata kidogo, na kwa mtu anayefunga kamera juu yake hilo ndilo jambo la kwanza. Mahali ncha ya fimbo inapogusa ubao wa juu alizamisha sarafu ya shilingi mia ili chuma kisichimbe mbao. Hilo halikuwa kwenye mchoro wangu, ni lake. Mimi nilichoongeza ni mfuniko wa kopo la maziwa chini ya fimbo, nikauchora alama kama uso wa saa ili nijue robo raundi iko wapi.

Kwa ufundi wa mbao nampa alama zote. Sasa niseme yaliyofuata.

Julai, siku za giza, nilivuka mto kwa pantoni kwenda Bweni kwa shangazi yangu. Ng'ambo ile ya Pangani ukitazama kusini mbele yako hakuna mji wa karibu, ni pwani inayoelekea Saadani. Kwenye saa nne usiku Chetezo kinakuwa kimefika juu kabisa kwenye mzunguko wake, digrii arobaini na kitu kutoka upeo wa macho. Nilikaa nje mpaka saa saba nikizungusha mfuniko wa kopo. Robo raundi kila sekunde kumi na tano, mpwa wangu akinihesabia kwa simu. Tulipiga picha arobaini, na katika zote arobaini kila nyota imekuwa punje ya mchele.

Usiku wa pili nikarekebisha namna kifaa kinavyoelekea kusini, nikakaza kila kitu. Mchele uleule.

Nikampigia mzee simu asubuhi, na naomba radhi hapa kama nilivyomwomba yeye, kwa sababu sauti yangu haikuwa nzuri. Nikamwambia kipimo chake kimekosea. Hakupandisha sauti. "Mwanangu, mimi nimepima mara mbili. Wewe umepima nini?"

Nilichopima mimi kilikuwa hakuna kitu. Fimbo niliinunua mwenyewe dukani, nikaomba ya milimita sita, nikapewa, nikalipa, nikaondoka. Jibu lilikuja barazani kwa shangazi, nikiwa nimevua vifaa vyote nafuta umande. Nati ya akiba ya ile fimbo ilikuwa mkononi, na bila kufikiri nikaijaribu kwenye skrubu ya tripodi, ile inayoingia kwenye kitako cha kamera. Ikaingia. Ikazunguka laini mpaka mwisho kama imezaliwa nayo.

Anayefanya kazi ya kamera ameshaelewa. Skrubu ya tripodi duniani kote ni ya robo inchi, meno 20 kwa inchi moja. Nati ikiingia pale, basi fimbo yangu nayo ni ya robo inchi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, moja ina unene wa milimita 6 na nyingine 6.35. Meno ndiyo yanayoumbua. Ile ya milimita sita inapanda milimita moja kwa raundi, hii ya inchi inapanda 1.27. Siku mbili nilikuwa naikimbiza kamera kwa kasi ya ziada ya asilimia 27, naipita anga halafu namlaumu mzee. Nilichukua rula nikahesabu meno ishirini, yakaishia kwenye milimita 25 na ushee. Duka sitalitaja, na pengine aliyeniuzia naye hajui alichonacho kwenye boksi.

Nilikuwa tayari kurudi mjini kutafuta fimbo nyingine. Mzee akasema ya nini. Ubao una sentimita 32. Nikapiga hesabu upya, fimbo ya robo inchi inataka umbali wa milimita 290, na milimita 290 zipo. Nikampelekea ubao, akatoboa tundu jipya, akahamisha nati na ile sarafu, lile tundu la zamani akaliziba kwa kipande cha mninga na gundi. Hakunitoza. Na kadiri fimbo inavyokuwa mbali na bawaba ndivyo tetemeko la mkono linavyopungua kufika kwenye kamera, kwa hiyo nikatoka na kifaa bora kuliko nilichoagiza.

Jambo la pili ambalo michoro ya mitandaoni haitakusaidia ni kuelekeza bawaba. Bawaba lazima ilenge ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota zote zinaizunguka. Michoro mingi ni ya watu wa Ulaya na Marekani, ambao wana nyota ya kaskazini iliyopanda juu, wanailenga kwa mrija wa kunywea soda, wamemaliza. Sisi Pangani ncha yetu ni ya kusini, na iko digrii tano na nusu tu juu ya upeo wa macho. Nyota iliyo jirani nayo ni hafifu mno, na kwenye ukungu wa bahari hata usijisumbue. Kwa hiyo unaelekeza bila kuona.

Kimo ni rahisi. Mzee alinichongea kabari chini ya ubao, inainua upande wa kusini karibu sentimita tatu kwa kila sentimita 30. Kifaa kinaonekana kama kimelala chali, na kila anayekiona anadhani kimekosewa. Kumbuka pia bawaba ikae upande wa magharibi, kwa hiyo ukitazama kusini iko mkono wa kulia na fimbo mkono wa kushoto.

Mwelekeo ndio wenye kazi. Dira ya simu iliniyumbisha, mara huku mara kule, chuma cha tripodi kinaichanganya. Nikakumbuka msikiti. Kibla chetu sisi wa ukanda huu ni kaskazini karibu kabisa, kinapinda kuelekea mashariki kwa kiasi kisichofika digrii mbili, kwa sababu Makka iko karibu juu ya mstari wetu huo huo. Ukuta wa ubavuni wa msikiti uliojengwa kwa kibla sahihi unakuelekeza kusini kwa nyuma, na kosa la digrii mbili kwa lenzi ya milimita 50 na dakika moja ya shata halionekani. Nilipotaka usahihi zaidi nikatumia timazi, ile kamba yenye uzito ya waashi. Ining'inize mchana uwanjani. Mwezi wa Julai jua letu la adhuhuri liko upande wa kaskazini, kwa hiyo kivuli cha kamba kinaangukia kusini, na kwa huku Tanga kinakuwa kusini kamili kwenye saa sita na nusu, si saa sita. Nikachora mstari wa chokaa kwenye sakafu ya baraza. Shangazi aliuliza nani amekufa.

Sasa picha zenyewe. Usiku wa tatu, shata dakika moja, tundu la lenzi kwenye 2.8, ISO 1600. Nilipiga 42, nikabaki na 31, nikaziunganisha kwa Siril, programu ya bure. Na zikatoka nukta! Nukta za duara mpaka kwenye kona, au tuseme karibu na kona, maana lenzi yangu nayo ni ya bei ndogo.

Moshi upo. Unapanda kutoka Chetezo kwenda kulia juu, una mabaka meusi ndani yake, ile vumbi inayozuia nyota za nyuma, na kwa kweli unafanana na moshi wa udi kuliko nilivyothubutu kutarajia. Chini yake kuna Beta na Gamma, nyota mbili zilizokaribiana chini ya digrii moja. Kwa macho zote ni nyeupe tu, lakini kwenye picha Beta ni ya machungwa na Gamma ni ya buluu. Zeta, kando kidogo, nayo ni ya machungwa. Shangazi alipotazama kwenye kompyuta hakuuliza majina, aliweka kidole kwenye Beta, kisha kwenye Zeta, akasema, "Makaa haya yamekolea."

Pembeni kidogo kuna nukta yenye manyoya. Hiyo ni NGC 6397, kama inavyoitwa kwenye orodha ya wanajimu, mpira wa nyota maelfu kwa maelfu, mmoja wa mipira ya namna hiyo iliyo karibu nasi zaidi. Mwaka 2018 wanajimu waliupima kwa darubini ya Hubble wakapata umbali wa miaka ya nuru 7,800, na umri wa miaka bilioni 13.4. Aliyeuandika kwanza ni Mfaransa Lacaille, aliyekwenda Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751 kuhesabu nyota za kusini, akaorodhesha karibu 10,000. Ndiye pia aliyeyapa majina majirani wa Chetezo, Norma na Telescopium. Kinachonifurahisha ni kwamba alifanya kazi hiyo kwa kidarubini chenye kioo cha nusu inchi, milimita 13 hivi. Lenzi yangu ikiwa kwenye 2.8 ina tundu la milimita 18. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba vifaa vyangu vya harusi ni vidogo.

Nilichokosa ni rangi nyekundu. Juu kulia, karibu na mpaka wa Norma, kuna fungu la nyota NGC 6193, na gesi inayoangazwa nalo, NGC 6188, miaka ya nuru 4,000 hivi. Katika picha za watu wengine pale panawaka kama pazia la bi harusi. Kwangu ni doa la waridi lililofifia. Hapo mbao hazina kosa. Kamera za kawaida zina kichujio mbele ya sensa kinachokata sehemu kubwa ya wekundu wa haidrojeni, na kukiondoa kunaharibu rangi za ngozi. Mimi bi harusi wangu siwezi kuwafanya wawe wekundu usoni kwa ajili ya gesi. Nitakaa na doa langu. Kuna pia Mu, kinyota hafifu ambacho ungekipita bila salamu, kina sayari nne na kipo miaka ya nuru kama 50 tu. Nimekizungushia duara kwenye nakala ya mpwa wangu.

Kasoro za kifaa zipo, na nyingine zinaudhi. Kwanza ni mkono. Dakika arobaini za kuzungusha mfuniko wa kopo gizani, huwezi kwenda popote, huwezi hata kujikuna mbu. Mpwa akisinzia, hesabu inapotea na picha hiyo itupwe. Pili, upepo wa kusi. Ukivuma, kamera inatikisika, na zile picha 11 nilizotupa karibu zote ni upepo. Nilining'iniza ndoo ya mchanga chini ya tripodi, ikasaidia kiasi. Tatu, kwa kuwa fimbo imenyooka ilhali ubao unafuata duara, mwendo unaanza kupotoka kadiri ufa unavyopanuka, kwa hiyo kila baada ya dakika kumi hivi narudisha fimbo chini na kuanza upya. Nne, niliazima lenzi ya milimita 135 nikiwa na tamaa ya kuukuza ule mpira wa nyota, na zaidi ya nusu ya picha zikawa mchele tena. Kwa lenzi ndefu mkono wa binadamu hautoshi, tafuta mota. Tano, chumvi. Bawaba zile za 4,000 ni za chuma, na baada ya miezi mitatu ya Bweni zilianza kutu na kukwaruza. Nimebadilisha nikaweka za shaba kwa 9,000. Ningekuwa naanza leo ningeanza nazo.

Je, ningekinunua tena? Ndiyo, na tayari binamu yangu wa Muheza amekiagiza cha kwake. Mzee sasa anadai 45,000 ya ufundi, anasema ufa ni mgumu kuliko mlango. Ukienda kwa seremala wako nenda na fimbo yako mkononi, na kabla hajatoboa chochote chukua nati uliyouziwa nayo uijaribu kwenye skrubu ya tripodi. Ikikataa kuingia, mwambie atoboe kwenye milimita 229. Ikiingia, 290.